Sura ya Sita: Mgao wa Nyumba Kumi

Sajenti Athuman aliishika ile kapsuli kwa ncha za vidole, akaizungusha mbele ya macho ya Gwakisa, halafu akaivuta huku na huku mpaka ikaachana. Kipande chekundu kikabaki mkono wa kulia, cha njano mkono wa kushoto, na unga ukamwagika juu ya meza ya kituo cha polisi Tunduma.

"Unaona inavyofunguka," alisema. "Haihitaji fundi. Mtu anamwaga dawa, anatia sembe, anaifunga, na hata aliyeitengeneza asijue."

"Onja, Afande."

Gwakisa alikuwa dresa, yaani mtoa dawa, wa zahanati ya Itumbwe, kijiji kilichokaa juu milimani Ileje, mahali ambapo mvua ya Machi ikianza asubuhi huwa haina habari ya kuondoka. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne mahabusu, na ukweli ni kwamba mahabusu ndiko kulikomwokoa, maana wanakijiji walikuwa wamemfuata nyumbani kwake na debe la mafuta ya taa. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwa kuhara damu tangu Februari ya mwaka huo wa themanini na mbili. Wote walikuwa wamepewa dawa kwa mkono wake. Maneno yaliyokuwa yakitembea yalikuwa mafupi: Gwakisa kauza dawa ng'ambo ya mpaka, Zambia, na watu wake kawalisha unga.

Athuman alichovya kidole kwenye ule unga wa manjano, akagusa ulimi. Uchungu ukamkaba mpaka kooni, akatafuta pa kutema.

"Sembe ya wapi ina uchungu huo?" Gwakisa aliuliza.

"Uchungu si ushahidi. Vitu vichungu viko vingi."

"Basi andika ushahidi huu. Mwanangu Tabita ana miaka minane. Aliugua siku ile ile mliyonichukua. Nilimwambia mke wangu mbele ya askari wako, mpe kutoka kopo lile lile. Muuaji gani anamlisha mwanawe sumu yake mwenyewe?"

"Muuaji anayejua kapsuli nzuri amezipanga wapi ndani ya kopo."

Gwakisa alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Alipokiinua hakuwa tena anabishana. "Anaendeleaje?"

Barua ya sista Tusekile, muuguzi wa zahanati ile, ilikuwa imefika asubuhi hiyo na dereva wa idara ya afya. Ilikuwa mfukoni mwa Athuman, na ilikuwa na mistari minne tu.

"Anameza dawa," Athuman alisema. "Siku ya tatu leo, hajaruka hata moja. Damu haijakatika."

Mle chumbani mvua ikasikika vizuri juu ya bati.

"Januari," Gwakisa alisema polepole, "dawa hii hii ilikuwa inakata damu siku mbili. Mtu analetwa kwenye machela, anarudi kwake kwa miguu. Februari ikawa siku nne, siku tano. Sasa ni kama nawapa maji. Kopo ni lile, mkono ni huu. Wewe unatafuta mwizi, Afande, na mimi ningeshukuru kama yupo. Mwizi hukamatwa. Ninachoogopa ni kwamba hayupo, na mwanangu anakwisha."

Mkuu wa kituo alitaka jalada Jumatano, Gwakisa apelekwe Mbeya kwa mashtaka ya mauaji. Hiyo ilikuwa Jumapili. Athuman alifunga kapsuli sita kwenye bahasha zipelekwe maabara ya hospitali kubwa Mbeya, akanakili namba iliyopigwa mhuri ubavuni mwa kopo, akatoka.

Katika shehena ile ile ya dawa, makopo mawili yalikuwa yameshushwa Chapwa, pale pale Tunduma. Alikwenda kwa miguu kwa mama mmoja aliyeitwa Mwasiti, ambaye mumewe Shaban, dereva wa lori, alikuwa amerudi kutoka Zambia wiki mbili nyuma anahara damu. Bi Mwasiti alikuwa anachambua mchele kwenye ungo wala hakuacha.

"Alipewa kapsuli za rangi mbili," alisema. "Siku ya pili damu ikakata. Siku ya tatu akaanza kugombana na chumvi kwenye mchuzi, hapo nikajua amepona."

"Alimeza zote?"

"Nilikaa naye kama mlinzi wa benki. Mwanaume umwache peke yake na dawa? Atakwambia amemeza, kumbe kazilisha kuku."

Kopo tupu alikuwa analo, ameliomba zahanati anawekea iliki. Athuman akasoma namba ubavuni. Ilikuwa ile ile aliyoinakili, tarakimu kwa tarakimu.

Basi dawa iliyotoka sanduku moja ilikuwa inaponya Chapwa na inashindwa Itumbwe. Kama unga ulikuwa umebadilishwa, basi ulibadilishwa njiani au kule juu. Athuman alilala na wazo hilo, na alfajiri ya Jumatatu Landrover ya polisi ikaanza kupanda milima.

*

Itumbwe palikuwa kimya. Kijiji cha ujamaa cha nyumba themanini, zimepangwa mistari minne iliyonyooka kama walivyoelekezwa wakati wa kuhamia, na katika mistari yote minne hapakuwa na mtoto aliyetoka kulifukuza gari. Milango ilikuwa wazi, na ndani ya kila mlango kulikuwa na mtu amekaa anatazama nje. Kwenye mteremko chini ya kanisa majembe manne yalikuwa yamesimamishwa kwenye udongo mwekundu. Hakuna aliyekuwa ameyarudisha nyumbani. Walijua yatahitajika tena.

Sista Tusekile alimpokea mlangoni, mikono imelowa hadi viwikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala.

"Usishike fremu ya mlango," alimwambia kabla ya salamu. "Nawa hapa kwanza. Na ukitoka unawe tena."

Wagonjwa walikuwa kumi na watatu kwenye vitanda vitano na mikeka. Tabita alikuwa kwenye mkeka wa dirishani, macho yamezama, midomo imepasuka. Mama yake, Enesi, alikuwa amemshika kifundo cha mguu kama vile anazuia asichukuliwe.

"Baba yake anasema nini?" Enesi aliuliza.

"Anauliza habari za mtoto."

"Mwambie nampa kama alivyosema. Asubuhi, mchana, jioni, usiku. Naona anavyomeza." Mkono wake haukuachia kifundo cha mtoto. "Afande, wale kumi na mmoja nao mama zao waliona wanavyomeza."

Tusekile alimvuta pembeni. Ijumaa, kabla hajaambiwa na mtu, alikuwa ameshapeleka Mbeya choo cha wagonjwa watatu kwenye chupa, mmoja wao Tabita. "Siamini habari ya unga," alisema. "Lakini sina nyingine ya kuamini. Hali ikiendelea hivi, mtoto yule ana siku nne. Labda tano."

Athuman alianza upekuzi. Alikuwa anamtafuta mtu wa Gwakisa, yule ambaye angekuwa anapokea kapsuli na kuzivusha mpaka. Mtu wa namna hiyo huacha alama: kopo lililofukiwa, mfuko mzito kuliko unavyopaswa.

Nyumba ya kwanza alikuta kapsuli mbili kwenye pindo la khanga. Nyumba ya pili mbili, ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, zimebanwa mpaka zimekuwa bapa. Ya tatu mbili, kwenye kopo la chumvi. Ya nne mbili. Hakuna hata nyumba moja kati ya hizo iliyokuwa na mgonjwa. Hakuna aliyejaribu kuzificha alipoulizwa, wala aliyetetemeka, na hilo ndilo lililomsumbua. Mwizi humiliki zaidi ya mwenzake. Hapa kila nyumba ilikuwa na mbili, kama vile mtu kapita na kipimo.

"Nani kakupa?" alimuuliza mama wa nyumba ya saba.

"Balozi," alisema yule mama, akashangaa kuulizwa. "Nani mwingine?"

*

Balozi wa nyumba kumi alikuwa mzee Andongwisye, mrefu, mkavu, mwenye koti la kijeshi alilorithi kwa mtu aliyepigana Burma. Alimkaribisha Athuman kwenye kigoda, akamwekea mbele bakuli la maziwa mgando. Juu ya maziwa nzi wawili walikuwa wanatembea.

"Karibu, mwanangu."

"Ahsante, mzee. Nimefunga."

"Mbona Ramadhani bado?"

"Leo Jumatatu. Ni sunna."

Mzee alimtazama. "Na kesho?"

"Kesho nitatafuta nyingine."

Andongwisye alicheka kidogo, bila sauti, akalisogeza bakuli kando. "Hata mimi siku hizi nachemsha kila kitu. Haya, uliza."

Athuman alizipanga zile kapsuli juu ya goti lake, moja moja, ishirini jumla. "Nyumba kumi, kapsuli ishirini. Hawa si wagonjwa. Dawa hii ni ya serikali na ilitoka mkononi mwa Gwakisa. Alikupa ngapi uuze?"

"Kuuza?" Mzee alilirudia lile neno kama mtu anayeonja chakula kilichoharibika. "Nani kauza? Mimi nagawa."

"Unagawa nini?"

"Kila kinachoingia. Ikija sukari, kilo tano, nyumba kumi, nusu kilo kwa nyumba. Sabuni, nakata kwa uzi, mbele ya watu wote. Khanga ilikuja moja mwaka juzi, nikaichana vipande viwili, tukapiga kura. Uliza kijiji kizima kama kuna nyumba imewahi kulala na mbili na jirani na moja."

"Na dawa?"

"Na dawa. Gwakisa anampa mgonjwa kapsuli ishirini aende nazo nyumbani. Ishirini, kwa mtu mmoja. Na jirani zake tisa wanaoogopa kuugua kesho hawana hata moja. Hiyo ni haki? Mgonjwa akimeza mbili tatu na kupata nguvu, zilizobaki analeta kwangu. Naweka kwenye ungo, nagawa. Kila mtu anameza moja Jumamosi kabla ya shamba la pamoja, mwenye afya na asiye na afya. Nyingine tunaweka akiba."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba. Mabalozi wote wanane. Walikuja kwangu kuuliza nafanyaje."

"Gwakisa anajua?"

"Hakuuliza. Gwakisa akishakupa dawa anaamini umekunywa." Mzee alivuta koti lake. "Unaniangalia vibaya, mwanangu. Nimekosa nini? Au ulitaka wapone wachache?"

Athuman alifungua daftari akaandika, na kalamu ikasita. Alikuwa amepata kapsuli zilizopotea, zote. Mwizi hakuwepo. Dawa ilikuwa nzuri, mgawaji alikuwa mwaminifu, na watu kumi na mmoja walikuwa chini ya udongo mwekundu. Kilichokuwa kimewaua hakikuwa na mahali katika jalada lake.

"Wale waliokufa Machi hii," aliuliza mwishoni, "nao walimeza mbili tatu wakaleta zilizobaki?"

Mzee aliinamisha uso. "Hao hapana. Hao walikuwa hoi sana, tukawaachia zote. Walimeza zote, Afande. Ndiyo maana tukasema ni unga."

*

Bwana Mbonile wa maabara Mbeya hakumwonyesha karatasi. Jumanne saa nne asubuhi alimpeleka Athuman kwenye meza ya dirishani, akatoa visahani viwili vya kioo vyenye vifuniko, vyenye rojo la rangi ya nyama ndani.

"Kapsuli zako ni nzima," alisema. "Nimezipima jana. Hazina unga wa mahindi, hazijachakachuliwa. Sasa tazama hiki, wala usikifungue. Hawa ni vidudu wa mgonjwa wa hapa mjini."

Juu ya rojo palikuwa na utando mweupe, kama ukungu juu ya uji uliolala. Katikati palikuwa na kikaratasi cha duara, kidogo kama kifungo cha shati, na kukizunguka palikuwa na duara safi ambamo hakuna kilichoota.

"Kikaratasi kimeloweshwa dawa ile ile ya kapsuli. Dawa inatambaa pembeni, na inakofika, kidudu hakiwezi kujijenga. Haikipigi rungu. Inakizuia kutengeneza kile kinachokifanya kikue na kuzaa. Kikishasimama hivyo, damu ya mtu inakimaliza yenyewe. Sasa hiki ni cha mtoto wako wa Itumbwe."

Athuman aliinama. Kikaratasi kilikuwa pale pale katikati. Utando mweupe ulikuwa umekuja kutoka pande zote mpaka ukingoni mwa karatasi, ukaigusa, na upande mmoja ulikuwa umeanza kuipanda.

Alirudisha kichwa nyuma bila kukusudia.

"Hata mimi," Mbonile alisema. "Nilirudia mara mbili."

"Hawaisikii?"

"Wanaisikia, ila wanaitoa nje. Ikiingia, wanaisukuma itoke. Niambie, wewe ni wa Tunduma. Mkifanya msako wa magendo siku moja tu mkaondoka, mnakamata nani?"

"Wajinga."

"Na wanaobaki?"

"Waliozijua njia."

"Basi. Katika maelfu ya vidudu, mmoja huzaliwa anaijua njia, kwa bahati tu. Dawa ikija kamili, siku zote tano, wengi wanakufa na mwili unamfikia hata huyo mmoja akiwa peke yake. Ikija kidogo, inawafagia wale wengine na kumwachia yeye uwanja. Na hawa hawasubiri kulea. Kila nusu saa mmoja anakuwa wawili. Tena mbaya zaidi, mwenye ujanja anaweza kumpa jirani yake ambaye si hata ukoo wake. Watu wa kijiji kizima wakimeza moja moja kila wiki kwa miezi mitatu..." Akakisogeza kisahani kando. "Wewe umeniambia mwenyewe walifanya hivyo. Ningepewa kazi ya kuwafuga vidudu wa namna hii, ningefanya hivyo hivyo."

"Kwa hiyo mtu mpya akiugua leo, hata ameze zote?"

"Hata ameze kopo. Ameugua kwa wale waliobaki."

Athuman alitazama nje. Uani watu walikuwa wanapanga mstari wa dawa, wengi kiasi cha kuzunguka jengo. "Kuna kinachowaua?"

Mbonile alitoa kisahani cha tatu. Humo kikaratasi kingine kilikuwa na duara safi, pana. "Vidonge vipya, vyeupe. Vinaitwa nalidiksi. Vililetwa vichache kwa majaribio na nimeshaongea na daktari. Kuna dozi tano."

"Vidonge vitano?"

"Dozi tano. Watu watano, mara nne kwa siku, siku tano kamili. Nikikupa, unanihakikishia nini?"

"Unataka nikuhakikishie nini?"

"Kwamba havitapita kwenye ungo. Baada ya hivi sina kitu kingine humu ndani, Afande. Fungua kabati utazame."

Athuman hakufungua kabati. Aliomba mshumaa na lakiri ya kufungia kopo la vidonge.

*

Jumatano alasiri Landrover ilipoingia Itumbwe, watu walikuwa wameshakaa. Habari ilikuwa imetangulia, Athuman hakujua kwa njia gani. Walikuwa wamekaa mbele ya zahanati kwa makundi, nyumba kumi kumi, kama wanavyokaa siku ya sukari, kila kundi na balozi wake mbele. Wagonjwa walikuwa wamefika kumi na wanne. Ungo ulikuwa mezani, umeoshwa.

"Tumejipanga, Afande," mzee Andongwisye alisema. "Hatutaki vurugu."

Athuman alilishika kopo kwa mikono miwili. "Mzee, hii haigawanywi."

"Kila kitu kinagawanywa."

Basi akawaeleza. Hakuwa mwalimu, na alieleza kwa maneno ya kazi yake, msako na waliobaki, na kile kisahani ambacho utando wake ulikuwa umeikaribia dawa mpaka ukaigusa. Aliposema hapo akaona kina mama wanavuta watoto karibu. Aliwaambia Gwakisa hakuwa na kosa na jioni hiyo angefunguliwa, ila angebaki Tunduma mpaka kijiji kitulie. Hakumtaja aliyekuwa na kosa. Makundi yote manane yalikuwa yanatazama ungo.

"Kwa hiyo sisi ndio tuliowafuga," mzee alisema.

Athuman naye akautazama ungo.

"Na hivyo vidonge, tukivigawa?"

"Wajinga watakufa, watabaki wengine. Halafu Mbeya hawana kitu."

"Na Dar es Salaam?"

"Sikuuliza, mzee. Niliogopa kuuliza."

Mtu mmoja nyuma akasimama, kisha wa pili. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba yeye hatarudi nyumbani mikono mitupu wakati mtoto wa Gwakisa, aliyeleta balaa, atalishwa, na minong'ono ikaanza kupanda. Athuman akaliinua kopo juu waone lakiri nyekundu na mhuri wa polisi.

"Hiki ni kielelezo katika jalada la vifo kumi na moja," alisema. "Atakayekigusa ameingilia upelelezi, na nitamfunga pingu hapa hapa. Kila kidonge kitamezwa mbele yangu. Nitaandika."

Andongwisye alimsogelea, akashusha sauti. "Hiyo ni sheria kweli?"

"Ni sheria kwa siku tano."

Mzee aligeuka, akachukua ungo mezani, akaukalia. Waliosimama wakakaa.

Sista Tusekile akasoma majina. Alikuwa amechagua walio hoi zaidi miongoni mwa wale ambao bado tumbo lao lilishika kitu. Alisoma bila kuinua macho. Jina la tatu lilikuwa la Tabita. Baada ya la tano akakunja karatasi.

"Na Amoni?" Andongwisye aliuliza. Amoni alikuwa mjukuu wake, miaka kumi na miwili, ameletwa jana yake.

"Amoni bado ana nguvu, tata," Tusekile alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Atapewa maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, kila saa. Wengi wanashinda kwa hayo peke yake."

"Wengi."

"Wengi, tata. Siwezi kusema wote."

"Sukari tunayo," mzee alisema. "Kila nyumba ilete iliyonayo. Hiyo sista atagawa."

*

Siku mbili Athuman alilala ndani ya gari na kuhesabu vinywa. Alijifunza kuangalia chini ya ulimi na ndani ya shavu. Alhamisi mgonjwa mmoja asiye na dozi akafa, mzee wa mstari wa nne, na jembe moja likatumika. Ijumaa asubuhi choo cha Tabita hakikuwa na damu. Ijumaa jioni Amoni akaanza kushindwa kutembea mwenyewe.

Jumamosi mchana Tabita alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, anataka uji. Alikuwa anaulalamikia uji wa jana kwamba ulikuwa na mabonge. Athuman alimpa Enesi kidonge cha mchana kama kawaida, akafungua daftari. Enesi akapeleka mkono mdomoni mwa mtoto, akampa maji. Mtoto akanywa maji.

"Fungua mkono, mama Tabita," Athuman alisema.

Enesi hakuufungua.

"Amepona, Afande. Unamwona. Anagombea uji." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Vimebaki vya siku mbili, vinane. Amoni yuko pale. Walitaka kunichomea nyumba, najua. Lakini mtoto yule ameanza kuniita mama kwa sababu wa kwake yuko kaburini. Nitamezaje mimi mate wakati wangu anakula vya bure?"

Chumba kizima kilisikia. Mzee Andongwisye alikuwa amekaa kizingitini, mgongo umewaelekea, kama alivyokaa tangu Jumatano kuzuia watu wasiingie. Kichwa chake hakikugeuka. Kwenye mkeka wa mlangoni Amoni alikuwa anatazama mkono wa Enesi uliofumbwa.

Athuman alitazama daftari. Kalamu ilikuwa mkononi. Hesabu ya vidonge iliishia kwenye ule mkono.

"Enesi," mzee alisema, akitazama nje.

"Naam, tata."

"Bado kuna vidudu wachache humo ndani ya mtoto?"

Enesi akamtazama Athuman. Athuman akamtazama Tusekile.

"Wapo, tata," Tusekile alisema. "Wale wa mwisho."

"Basi mmezeshe. Na vile vinane vyote."

Enesi alifungua mkono. Kidonge kilikuwa kimeanza kulowa kwa jasho. Akakiweka juu ya ulimi wa Tabita, akashika kikombe, na safari hii hakuondoa macho. Tabita akakunja uso, akameza. Athuman akamwambia afungue mdomo, akatazama chini ya ulimi, kisha kwenye mashavu, kushoto na kulia. Akaandika.

Kutoka kwenye mkeka wa mlangoni Amoni akaita kwamba anataka kutoka nje, na hawezi kusimama. Mzee Andongwisye akainuka, akavua lile koti asije akalichafua, akaenda kumbeba.